Comrades Marathon

Comrades Marathon ni mashindano ya mbio ndefu za barabarani yanayofanyika kila mwaka katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kati ya miji ya Durban na Pietermaritzburg. Umbali wake hubadilika kidogo mwaka hadi mwaka kufuatana na mahali pa kumalizia, lakini kwa kawaida ni kati ya kilomita 85 na 91, yaani zaidi ya mara mbili ya marathoni ya kawaida yenye kilomita 42.195. Mashindano haya yalianza tarehe 24 Mei 1921 kama ukumbusho wa askari waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kati ya mashindano yote ya mbio zinazozidi marathoni ambayo bado yanaendelea duniani, haya ndiyo ya kale zaidi na yenye washiriki wengi zaidi.

Msomaji wa Tanzania anaweza kuupima umbali huo kwa Reli ya Kati. Ni zaidi kidogo ya kufuata reli kutoka Kilosa, kupita Kimamba na mashamba yake ya mkonge, hadi kufika Morogoro. Mkimbiaji wa Comrades anapewa saa 12 kuumaliza. Mfano huu haukuchaguliwa kwa sababu ya umbali tu, kwa maana wazo la mbio hizi lilizaliwa katika vita vilivyopiganwa Afrika Mashariki, na mapigano ya mwaka 1916 yalipita katika njia hiyohiyo.

Asili

Mwanzilishi wa mbio hizi ni Vic Clapham, aliyezaliwa London mwaka 1886 na kuhamia kusini mwa Afrika pamoja na wazazi wake. Alikuwa dereva wa treni katika shirika la reli la Afrika Kusini. Vita vilipoanza alijiunga na kikosi cha 8 cha askari wa miguu cha Afrika Kusini, akapelekwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, nchi ambayo leo ni Tanzania bara, Rwanda na Burundi. Huko alitembea kwa miguu takriban kilomita 2,700 akiwafuata askari wa Paul von Lettow-Vorbeck, ambao kila mara walipigana kidogo kisha wakarudi nyuma.

Jenerali Jan Smuts alishika uongozi wa majeshi ya Uingereza Februari 1916, na shabaha yake kubwa ilikuwa kuiteka Reli ya Kati. Sehemu moja ya jeshi lake ilishuka kutoka upande wa Kilimanjaro na Handeni hadi mto Wami. Sehemu nyingine, chini ya Jaap van Deventer, iliifikia reli huko Dodoma, kisha ikaifuata kuelekea mashariki kwa kupitia Mpwapwa na Kilosa. Kabla ya mwezi Agosti kwisha, Kilosa na Morogoro zilikuwa mikononi mwa Waingereza, lakini Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka kuelekea kusini, na vita vikaendelea hadi Novemba 1918.

Katika vita hivyo wengi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Farasi walikufa kwa ndorobo. Malaria na kuhara damu viliwaangusha watu kabla hawajamwona adui. Kikosi cha 9 cha Afrika Kusini kilikuwa na watu 1,135 Februari 1916. Ilipofika Oktoba waliobaki na afya ya kufanya kazi walikuwa 116, ingawa kilikuwa kimepigana mara chache tu. Aliyebeba mzigo mzito kuliko wote ni mpagazi. Watu wa Afrika Mashariki na ya Kati walikusanywa kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, kubeba chakula na risasi mahali ambapo gari wala mnyama hakuweza kupita. Idadi ya waliokufa haikuandikwa vizuri wakati ule, lakini ilifikia makumi ya maelfu, na wako wanahistoria wanaoiweka karibu na laki moja. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Aliporudi nyumbani, Clapham alitaka ukumbusho wa wenzake usiokuwa jiwe wala sanamu. Alichokuwa amekiona vitani ni makarani, mafundi na madereva, watu wasio na mazoezi yoyote maalumu, wakitembea siku baada ya siku kupita kiwango walichodhani miili yao ingeweza. Aliona kwamba kuwakumbuka vizuri ni kuwapa watu wa kawaida jaribio la namna hiyo. Alikwenda kwa chama cha wanajeshi wa zamani kilichoitwa League of Comrades of the Great War, na ndiko jina lilikotoka: neno comrades hapa lina maana ya wenzi wa vitani. Wakuu wa chama walimkatalia zaidi ya mara moja wakisema umbali ni mkubwa mno. Mwaka 1921 walikubali na kumkopesha pauni moja ya gharama.

Watu 34 walianza mbio za kwanza mbele ya ukumbi wa mji wa Pietermaritzburg, wakamaliza 16. Mshindi alikuwa Bill Rowan, kwa saa 8 na dakika 59. Mwaka uliofuata mbio zilianzia Durban, na tangu hapo mwelekeo umekuwa ukibadilishwa. Kutoka Durban huitwa mbio za kupanda, na kutoka Pietermaritzburg mbio za kushuka. Mbio hazikufanyika kuanzia 1941 hadi 1945 kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili, wala mwaka 2020 na 2021 kwa sababu ya UVIKO-19.

Njia

Durban iko pwani na Pietermaritzburg iko bara, kwenye kimo cha karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari. Katikati yake pana Bonde la Vilima Elfu, na jina hilo halitii chumvi sana. Vilima vitano vina sifa ya pekee. Ukitokea Durban unakutana na Cowies Hill, Field's Hill, Botha's Hill, Inchanga, na mwisho Polly Shortts. Hicho cha mwisho kina urefu wa karibu kilomita 2 tu, na mtu aliyelala vizuri angekipanda bila taabu kubwa. Ubaya wake ni mahali kilipo. Mkimbiaji anakifikia akiwa amekwisha kukimbia takriban kilomita 80.

Wageni hudhani kwamba mbio za kushuka ndizo rahisi. Wazoefu wengi husema kinyume chake. Hata katika mwaka wa kushuka, nusu ya kwanza ina kupanda kwingi, na mteremko mkali wa Field's Hill unakuja baada ya kilomita zaidi ya 60, miguu ikiwa haina tena nguvu ya kujizuia.

Siku ya mbio

Kwa miaka mingi bunduki ya kuanzia imekuwa ikilia saa 11:30 alfajiri. Mbio hufanyika mwishoni mwa Mei au mwezi Juni, majira ya baridi kusini mwa Afrika, na alfajiri ya Pietermaritzburg huwa na baridi kali. Wakimbiaji hujazana barabarani gizani wakiwa wamevaa masweta makuukuu na mifuko mikubwa ya plastiki, ambayo huitupa jua linapochomoza. Hupangwa kwa makundi kufuatana na kasi waliyothibitisha katika marathoni nyingine, na wenye kasi ndogo husimama nyuma kabisa.

Kabla ya kuanza huimbwa wimbo wa taifa, kisha Shosholoza. Wimbo huu wa pili ulikuwa wa wafanyakazi wahamiaji waliosafiri kwa treni kwenda kwenye migodi ya Afrika Kusini, na leo huimbwa na watu wa rangi zote. Wengi walioshiriki husema kwamba hapo ndipo machozi huwatoka, kabla hata hawajapiga hatua. Baadaye husikika jogoo akiwika. Desturi hiyo ilianzishwa mwaka 1948 na mkimbiaji Max Trimborn, aliyewika kama jogoo kutuliza wasiwasi wake, wenzake wakapenda, naye akaendelea kufanya hivyo kila mwaka. Siku hizi hupigwa sauti yake iliyorekodiwa. Kisha bunduki hulia, na walio nyuma hubaki wamesimama. Katika umati wa watu elfu kumi na zaidi, wa mwisho huweza kuchukua dakika kadhaa kufika kwenye mstari wa kuanzia, na dakika hizo hawarudishiwi, kwa kuwa muda rasmi wa kila mtu huhesabiwa tangu mlio wa bunduki.

Kila mkimbiaji hubeba namba mbele na nyuma, ikiwa na jina lake na idadi ya mara alizowahi kumaliza. Kwa hiyo watazamaji humwita kwa jina watu wasiomfahamu kabisa. Aliyemaliza mara kumi hupewa namba ya kijani inayokuwa yake maisha yote. Familia zinapiga kambi kando ya barabara tangu alfajiri, zinachoma nyama, na huwagawia wapitao machungwa na viazi vilivyochemshwa na kutiwa chumvi. Maji ya mashindano hutolewa katika vifuko vidogo vya plastiki vinavyotobolewa kwa meno, na karibu na kila meza barabara huwa imetapakaa vifuko hivyo.

Karibu na Drummond, ambapo ni kama nusu ya njia, kuna mahali palipochimbwa kwenye ukingo wa barabara panapoitwa kiti cha Arthur. Husemwa kwamba Arthur Newton, aliyeshinda mara tano katika miaka ya 1920, alikuwa akipumzika hapo. Desturi ni kumwamkia kwa heshima unapopita na kumwachia ua au jani, ili nusu ya pili iwe nyepesi. Watu wenye haraka ya kushinda hawasimami, lakini wengi wa katikati na wa nyuma husimama. Si mbali na hapo upo ukuta wenye vibao vya majina ya waliomaliza mbio.

Penye mlima wa Inchanga iko shule ya Ethembeni, ya watoto wenye ulemavu wa viungo na wa macho. Watoto hupangwa barabarani wakinyoosha mikono ili waguswe na wakimbiaji. Waliopita hapo wakiwa wanafikiria kuacha hueleza kwamba palikuwa pagumu kuendelea kujihurumia.

Jambo la pekee katika Comrades ni lile liitwalo basi. Basi ni kundi la wakimbiaji, mara nyingine mamia, wanaomfuata kiongozi mmoja mzoefu aitwaye dereva, ambaye hubeba kibendera chenye muda anaokusudia kumaliza, kwa mfano saa 11 au saa 12. Dereva ndiye anayeamua wapi watakimbia na wapi watatembea, naye huhesabu hatua kwa sauti na kuanzisha nyimbo. Abiria hapaswi kufikiri. Kazi yake ni kubaki ndani. Kilomita za mwisho, akili inapochoka kuliko miguu, msaada huu si mdogo. Wapo wakimbiaji wanaolalamika kwamba mabasi makubwa huziba barabara, na malalamiko yao yana ukweli, lakini watu wengi wasingefika bila mabasi hayo.

Mwili

Chakula cha wanga kilichohifadhiwa kwenye misuli na ini hupungua sana baada ya kilomita 30 hivi za mwendo wa kasi. Katika marathoni ya kawaida mkimbiaji anapofika hapo huwa amekaribia mwisho. Katika Comrades hajafika hata nusu. Kwa hiyo anayefaulu ni yule aliyeanza polepole na kula njiani kidogokidogo.

Mteremko una madhara yake. Mtu akishuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya kuzuia mwili huku ikiwa inavutwa, na namna hiyo ya kazi huchana nyuzi za misuli kuliko kupanda. Siku inayofuata waliomaliza hutambulika mjini kwa jinsi wanavyoshuka ngazi kinyumenyume wakishika ukuta. Malengelenge na kucha nyeusi havihesabiwi hata kuwa ugonjwa.

Kiu inaogopwa na kila mtu, lakini maji mengi mno nayo ni hatari. Kwa muda mrefu wakimbiaji walishauriwa kunywa kadiri wawezavyo. Mwaka 1985 daktari wa Afrika Kusini Tim Noakes na wenzake walichapisha taarifa ya wakimbiaji wa mbio ndefu waliougua kwa sababu ya kunywa kupita kiasi, hata chumvi katika damu ikapungua na kuwaletea kuchanganyikiwa na kupoteza fahamu. Ushauri wa sasa wa wataalamu wengi ni kunywa unaposikia kiu.

Saa ya mwisho

Njiani kuna vituo vyenye muda wa kufungwa, na anayechelewa huondolewa na kupandishwa gari. Kwenye mstari wa kumalizia sheria ni kali zaidi. Muda wa mwisho ulikuwa saa 11 kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2003 umekuwa saa 12. Dakika za mwisho uwanja mzima husimama. Afisa husimama mstarini akiwapa mgongo wakimbiaji ili asimwone anayekuja, na saa ikitimia anafyatua bunduki. Hapohapo njia inafungwa. Mtu aliyebakiza hatua mbili hapati medali, na jina lake haliandikwi kati ya waliomaliza.

Wengi wanaoiona mara ya kwanza huiona kuwa sheria katili. Wanaoitetea husema kwamba bila bunduki hiyo wale waliovuka sekunde kumi kabla wasingekuwa na la kusherehekea. Kila mwaka wenye nguvu kidogo huonekana wakiwashika mkono au kuwabeba walioanguka mita chache kutoka mwisho, wakihatarisha medali zao wenyewe. Mshindi wa siku hiyo huwa amekwisha kuoga na kula zamani. Umati hubaki kwa ajili ya hao wa mwisho.

Nani aliyekumbukwa

Kwa zaidi ya nusu karne mbio hizi za ukumbusho zilikuwa rasmi kwa wanaume weupe pekee. Wengine walikimbia bila namba. Frances Hayward alikimbia mwaka 1923 na kumaliza kwa saa 11 na dakika 35. Alinyimwa medali, lakini watazamaji walichanga fedha na kumnunulia seti ya fedha ya chai. Mwaka 1935 Robert Mtshali, mwanamume mweusi wa kwanza kujulikana kuwa alikimbia, alimaliza kwa takriban saa 9 na nusu. Matokeo yake hayakuandikwa.

Katika vita vile vya Afrika Mashariki walikuwapo maelfu ya vibarua weusi kutoka Afrika Kusini, askari machotara wa kikosi cha Cape Corps, na wapagazi wa nchi tulizozitaja. Walikula njaa ileile na kuugua malaria ileile. Ukumbusho uliosimamishwa kwa jina la wenzi wa vitani haukuwa na nafasi kwa watoto wao mpaka mwaka 1975, wanawake na watu weusi waliporuhusiwa rasmi. Mwaka huo Vincent Rakabaele wa Lesotho alikuwa wa 20 na kupata medali. Sam Tshabalala alikuwa mweusi wa kwanza kushinda, mwaka 1989.

Hata baada ya milango kufunguliwa, watu waliendelea kubishana kuhusu kinachokumbukwa. Mwaka 1981 serikali ya ubaguzi ilizihusisha mbio na sherehe za miaka 20 ya jamhuri yake. Bruce Fordyce, wakati huo mwanafunzi, alikimbia akiwa amefunga kitambaa cheusi mkononi kupinga jambo hilo. Baadhi ya watazamaji walimzomea na kumtupia nyanya. Alishinda, na huo ulikuwa wa kwanza kati ya ushindi wake tisa. Mwaka 1995 mbio zilihamishwa kutoka siku ya jamhuri ya zamani, 31 Mei, hadi 16 Juni, siku ya kuwakumbuka vijana waliouawa Soweto mwaka 1976. Miaka iliyofuata kukawa na hoja nyingine, kwamba siku ya maombolezo haifai kugeuzwa siku ya michezo, na tarehe ikabadilishwa tena.

Swali hilo si la Afrika Kusini peke yake. Huko Oklahoma City, Marekani, hufanyika marathoni ya kuwakumbuka watu 168 waliouawa kwa bomu tarehe 19 Aprili 1995, na wakimbiaji hukaa kimya kwa sekunde 168 kabla ya kuanza. Kila marehemu ana sekunde yake. Ukumbusho wa namna hiyo unawezekana palipo na orodha kamili ya majina. Kwa wapagazi wa Afrika Mashariki orodha hiyo haikutengenezwa. Wametajwa kwa jumla tu, pamoja na askari, kwenye sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927.

Medali na rekodi

Kumi wa kwanza, wanaume na wanawake, hupata dhahabu. Wengine wote hupata medali kufuatana na muda wao, na kadhaa kati ya hizo zina majina ya watu wa historia ya mbio. Medali ya Bill Rowan ni ya wanaomaliza chini ya saa 9, kama alivyofanya yeye mwaka 1921. Ya Vic Clapham ni ya wanaomaliza ndani ya saa ya kumi na mbili. Rekodi za mbio za kushuka zimewekwa mwaka 2023 na Tete Dijana, saa 5:13:58, na Gerda Steyn, saa 5:44:54, wote wa Afrika Kusini. Mwaka 2019 iliongezwa medali ya Robert Mtshali, inayotolewa kwa wanaomaliza kati ya saa 9 na saa 10.